Kazi yenye mshahara inayohesabiwa darasani: maswali ya wanafunzi wetu walioko Marekani

Kila mwaka ikifika Februari simu yangu haitulii. Wadogo zangu kutoka Dar, Mombasa, Bukavu na Bujumbura wanaosoma huku wanaanza kutafuta kazi za majira ya joto, na maswali ni yaleyale. Nilisoma kemia Ohio, nikafanya vipindi viwili vya kazi vilivyoingia kwenye transkripti yangu (rekodi rasmi ya masomo), na makosa nimeyafanya ya kutosha. Nimeona niyaandike majibu mara moja. Kila chuo kina taratibu zake, kwa hiyo hapa nimeweka yale yanayofanana karibu kila mahali, pamoja na sheria za serikali kuu ambazo ni zilezile jimbo lolote uliko.

Ko-opu ni kitu gani, na ina tofauti gani na intanishipu?

Jina lenyewe linapoteza watu, maana ni ufupisho wa neno la Kiingereza la ushirika. Mswahili akisikia ushirika anawaza kahawa na mizani ya chama cha msingi. Hapa wanaoshirikiana ni chuo na mwajiri: chuo kinakutoa darasani kwa muda, mwajiri anakupokea kama mfanyakazi na kukulipa, kisha unarudi kusoma, na muda huo wote bado unahesabika mwanafunzi.

Mpango huu ulianzia University of Cincinnati mwaka 1906. Herman Schneider, mkuu wa uhandisi pale, aliwachukua wanafunzi 27 na kuwapanga wawili wawili. Wiki hii mmoja yuko darasani na mwenzake yuko karakana. Wiki ijayo wanabadilishana. Mwenye karakana hakupata hasara, maana mashine haikukaa bila mtu. Northeastern ya Boston ilifuata mwaka 1909, Drexel ya Philadelphia mwaka 1919. Mwaka 1971 ikafunguliwa LaGuardia, chuo cha jamii cha miaka 2 kule Queens, New York, ambacho tangu mwanzo kiliwataka wanafunzi wake wa kutwa wapitie kazi kama sehemu ya masomo. Nakitaja kwa sababu wengi wetu tunaanzia vyuo vya jamii tukidhani mambo haya ni ya vyuo vikubwa tu.

Siku hizi habari ya kubadilishana kila wiki imekwisha. Ko-opu ni muhula mzima au miezi 6 ya kazi ya kutwa, na mara nyingi hurudiwa mara mbili au tatu kabla ya kuhitimu. Intanishipu ni fupi zaidi: wiki 10 hadi 12 za majira ya joto, au saa chache kwa wiki huku unaendelea na vipindi.

Kama ulikwenda fildi ukiwa Tanzania, au atachimenti ukiwa Kenya, unaujua mwendo: barua ya chuo, logibuku, mhadhiri anakuja kukuona siku ambayo hukumtarajia. Tofauti kubwa ni mshahara. Kule ukibahatika unapewa nauli, au unaishi kwa hela ya mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo. Huku mwajiri anakulipa kwa saa.

Nikifanya kazi tu, si inatosha kupata krediti?

Haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Krediti ni vile vipimo vya masomo unavyokusanya hadi uhitimu, na chuo hakivitoi kwa jasho. Kinatoa kwa ulichojifunza, na kinataka kuona ushahidi. Ushahidi wenyewe ni karatasi: mkataba wa kujifunza unaosainiwa na watu watatu (wewe, msimamizi wako kazini, mwalimu wa idara), daftari la kila wiki, tathmini ya msimamizi, na ripoti ya mwisho. Kuna idara zinazodai pia usimame mbele ya wenzako na kueleza.

Kwenye ule mkataba kuna sehemu ya malengo. Wengi huijaza kwa dakika tano, nami nilikuwa mmoja wao. Kipindi changu cha kwanza nilikuwa maabara ya kupima maji, nikaandika: "Kujifunza kazi za maabara." Mwalimu alinirudishia fomu akiwa ameizungushia duara jekundu, bila neno lolote. Nilikaa naye, nikaandika upya: kufikia wiki ya 8 niwe napima sampuli 20 kwa siku, naweza kusawazisha mashine ya pH asubuhi bila kusimamiwa, na nikiona tokeo la ajabu najua nirudie kipimo gani kabla ya kumwita mtu. Lengo la namna hiyo linakusaidia mara mbili. Msimamizi anajua akufundishe nini, na wewe wiki ya 8 ikifika unajua kama umefika au bado.

Jambo jingine: sajili kozi kabla ya kuanza kazi. Ukimaliza majira ya joto ndipo uende ofisi ya msajili na slipu zako za mshahara ukiomba krediti, vyuo vingi vitakujibu kwa upole kwamba umechelewa.

Saa ngapi ni krediti moja?

Hesabu inatoka kwenye krediti ya kawaida ya darasani: saa 1 ya kipindi na saa 2 za kujisomea kila wiki, kwa wiki 15 hivi, ambayo ni kama saa 45. Ndiyo maana vyuo vingi hudai saa 40 hadi 50 za kazi kwa krediti 1. Krediti 3 zitakudai saa 120 hadi 150, yaani chini ya mwezi mmoja wa kazi ya kutwa. Usitegemee basi kwamba wiki 12 za saa 40 zitakupa krediti 10. Kuna kikomo, na mara nyingi gredi ni ya kufaulu au kutofaulu tu, haipandishi wala kushusha wastani wako. Muulize mshauri wako swali moja zaidi: krediti hizi zinaingia upande gani, kwenye masomo ya fani au kwenye yale ya hiari? Nimemwona mtu akimaliza na krediti 6 za kazi ambazo hazikupunguza hata kozi moja aliyokuwa anadaiwa na idara.

Dada, kwa nini nilipe ada kwa kazi ninayoifanya kwa mikono yangu?

Lalamiko hili nalielewa, na sitakitetea chuo chochote. Chukua mfano: chuo kinatoza dola 500 kwa krediti, unasajili krediti 3 za kiangazi, umeshatoa dola 1,500 kabla hujapokea mshahara wa kwanza. Kwa anayelipa ada ya mwanafunzi wa nje ya jimbo, inauma zaidi.

Vyuo vya ko-opu halisi vina utaratibu mwingine: muhula wa kazi hulipi ada ya masomo, au unalipa kiasi kidogo cha usajili, na bado unahesabika mwanafunzi wa kutwa. Kwingineko, uliza kama kuna kozi ya kazi ya krediti 1, au hata krediti 0. Ipo kwenye vyuo vingi, ila haitangazwi sana. Kozi ya krediti 0 inaandikwa kwenye transkripti, na kwa wenye viza ya mwanafunzi inaweza kutosha kwa kibali cha kufanya kazi (nakieleza hapa chini), kama programu yako imeikubali.

Maoni yangu: kama krediti hizo zinakuondolea kozi ambayo ungeilipia hata hivyo, lipa bila kinyongo. Kama ni za kupamba transkripti tu, na huhitaji kibali cha viza, fanya kazi yako, pokea mshahara wako, achana na krediti.

Nina viza ya mwanafunzi, F-1. Naruhusiwa kulipwa nje ya chuo?

Unaruhusiwa kupitia CPT, kibali cha mafunzo ya kazi yaliyo sehemu ya mtaala. Hiki kinatolewa na chuo chenyewe kupitia ofisa wa wanafunzi wa kimataifa, yule DSO anayesaini I-20 yako, hati ya chuo inayobeba hadhi yako ya mwanafunzi. Huombi kwa idara ya uhamiaji na hulipi ada ya serikali.

Masharti yake: uwe umesoma kutwa mwaka mmoja kamili wa masomo (isipokuwa programu za uzamili zinazolazimisha kazi tangu mwanzo), kazi ihusiane na fani yako, na iwe na uzito katika mtaala. Hapo ndipo krediti inapoingia. Kama kazi si lazima kwa shahada yako, kuisajili kama kozi ndiyo njia ya kawaida ya kuonyesha kwamba ni sehemu ya mtaala. Kwa hiyo kwa mwanafunzi wa F-1, krediti ndiyo inayobeba kibali chenyewe.

Kibali kinaandikwa kwenye I-20 mpya, ukurasa wa pili: jina la mwajiri, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, kutwa au nusu. Kisome neno kwa neno. Kinamhusu mwajiri huyo tu, kwa tarehe hizo tu. Kabla ya kipindi changu cha pili msimamizi alinipigia Alhamisi: "Njoo kesho uanze kidogokidogo, Jumatatu tutakuwa na haraka." I-20 ilisema Jumatatu. Nilimwambia nitakuja Jumatatu saa moja asubuhi, akanyamaza kidogo, nikajua hakupenda. Hiyo Ijumaa moja ingekuwa kazi bila kibali, na kazi bila kibali inaua hadhi yako ya F-1. Kusema tulikuwa tunajitolea hakukuokoi, maana vyuo vingi hudai CPT hata kwa kazi isiyo na mshahara inayobeba krediti.

Kazi za ndani ya chuo, kama maktaba au bwalo, hazihitaji CPT. Hizo zina kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa masomo.

Nimesikia CPT inakula OPT. Ni kweli?

Ni kweli, ila kwa hesabu maalumu. OPT ni ile miezi 12 ya kufanya kazi katika fani yako, ambayo wengi huitunza hadi wahitimu. Kwa fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati inaongezwa miezi 24. Ukitumia CPT ya kutwa (zaidi ya saa 20 kwa wiki) kwa miezi 12 au zaidi, unapoteza OPT ya ngazi hiyo ya shahada. CPT ya nusu, yaani saa 20 kushuka chini, haihesabiwi.

Sasa mtazame mhandisi mwenye ko-opu tatu za miezi 6. Hiyo ni miezi 18. Akizifanya zote kutwa bila kupiga hesabu, amejifungia mlango wa miaka 3 ya kazi kwa mkono wake. Kaa na DSO na kalenda tangu ko-opu ya kwanza, mhesabu siku na si miezi.

Kuna chuo kinatoa CPT siku ya kwanza ya uzamili. Nihamie?

Sheria inaruhusu programu za uzamili zinazohitaji kazi tangu mwanzo, kwa hiyo si kila chuo cha namna hiyo ni cha ulaghai. Lakini kama madarasa huyaoni, na kinachouzwa ni kibali tu, kimbia. Mwanzoni mwa 2019 ilibainika kwamba chuo kilichoitwa University of Farmington, Michigan, kilikuwa kimeundwa na maofisa wa uhamiaji wenyewe. Hakikuwa na walimu wala masomo. Mamia ya wanafunzi walikuwa wamelipa ada ili wabaki nchini na kufanya kazi, na wengi wao walikamatwa au kulazimika kuondoka.

Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, nina grini kadi. Haya ya CPT yananihusu?

Hayakuhusu hata kidogo. Mkimbizi aliyepokewa rasmi na mwenye grini kadi wanafanya kazi popote bila kumuuliza DSO. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimekutana na vijana wa Columbus na Dallas walioacha nafasi nzuri wakidhani lazima wapate I-20. Wewe krediti kwako ni suala la masomo tu. Aliye kwenye maombi ya hifadhi anafuata tarehe za kadi yake ya kazi.

Sina SSN, ile namba ya hifadhi ya jamii. Naweza kuanza?

Unaweza kuanza kazi wakati ombi lako liko njiani. Ombi unaweza kulipeleka siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza, si mapema zaidi. Nenda na pasipoti, I-94 (rekodi yako ya kuingia nchini) na I-20 yenye CPT. Kwa mwajiri, siku ya kwanza unajaza sehemu yako ya fomu I-9, ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi, naye ana siku 3 za kazi kukagua hati hizohizo. Usiachie pasipoti yako ofisini. Akague, anakili kama anataka, akurudishie.

Slipu yangu ina makato nisiyoyaelewa.

Ichukue slipu uisome nami. Kipindi changu cha pili nililipwa dola 18 kwa saa, kwa hiyo wiki mbili zilikuwa dola 1,440. Slipu ya kwanza ilikuwa na mistari miwili: hifadhi ya jamii dola 89.28, na Medicare (bima ya afya ya wazee) dola 20.88. Jumla dola 110.16, ndiyo asilimia 7.65 ya mshahara. Mwanafunzi wa F-1 ambaye kikodi bado si mkazi, na kwa kawaida hiyo ni miaka 5 ya kwanza ya kalenda, hatakiwi kukatwa mistari hiyo miwili. Kodi ya mapato utakatwa kama kila mtu.

Mwajiri hakufanya hila. Mtu wa mishahara alikuwa hajawahi kupata mfanyakazi wa F-1. Nilimwandikia mara tatu, mara ya tatu nikaambatisha I-20, akanirudishia kwenye malipo yaliyofuata. Akikataa kabisa, unaidai IRS, mamlaka ya kodi, kwa fomu 843 pamoja na 8316, na hapo uwe na subira.

Mwisho wa mwaka utapokea W-2, karatasi ya mwajiri yenye jumla ya mshahara na makato yako. Unajaza fomu za kodi za asiye mkazi, 1040-NR na 8843, kabla ya tarehe 15 Aprili. Usimwige mwenzako wa chumbani: Mchina ana mkataba wa kodi unaosamehe dola 5,000 za kwanza za mshahara wake, Mhindi ana mkataba unaomruhusu kutoa punguzo la kawaida. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Vivyo hivyo Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Programu ya kodi iliyotengenezwa kwa ajili ya raia itakujazia fomu isiyo yako na hutajua.

Nimepata intanishipu isiyolipa. Niikubali?

Kwa kampuni ya biashara, sheria ya kazi inauliza nani anafaidika zaidi, wewe au mwajiri. Wizara ya Kazi ina vigezo 7, na kimojawapo ni kama kazi imefungamana na masomo au inabeba krediti. Kuna waajiri wanaolitumia neno krediti kama kisingizio cha kutokulipa. Kama kutwa unapanga bidhaa na kujibu simu, wewe ni mfanyakazi, na kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009; majimbo mengi yako juu ya hapo. Mimi ningekubali kazi ya bure ofisi ya serikali au shirika lisilo la faida, kwa saa chache, na si vinginevyo.

Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee usiku. Kazi hii niliyonayo inaweza kuhesabiwa?

Swali hili naulizwa sana na akina dada wanaosoma uuguzi na huduma za jamii, wenye hadhi ya kufanya kazi popote. Inawezekana, lakini chuo kitataka kuona jambo jipya: jukumu jipya, msimamizi aliye tayari kukufundisha, malengo ambayo mwaka jana hukuwa nayo. Nenda kwa meneja na pendekezo mkononi, mathalani kujifunza kuandaa mpango wa matunzo wa mgonjwa mmoja tangu anapoingia. Mafunzo ya kliniki ya uuguzi ni habari nyingine, hayo yana mpango wake na kwa kawaida hayalipwi.

Nikihamia chuo kingine, krediti hizi zinahama nami?

Mara nyingi hapana, au zinapokelewa kama za hiari. Kama unatoka chuo cha jamii, pata jibu la maandishi kutoka kule unakokwenda.

Fomu ya maombi inauliza kama nitahitaji udhamini wa viza, sasa au baadaye. Nijibu nini?

Jibu ukweli. Kwa CPT humhitaji mwajiri akudhamini sasa. Kama swali linajumuisha na baadaye, na una nia ya kubaki, jibu ni ndiyo. Baadhi watakuacha hapohapo, na inakera. Ndiyo maana nawaambia waanze Septemba, wakati kampuni kubwa zinaajiri kwa ajili ya kiangazi kijacho. Ofisi ya ajira ya chuo inawajua waajiri waliokwisha kupokea wanafunzi wa kimataifa. Omba orodha ya mwaka uliopita.

Mama anadhani nimeacha shule. Nimweleze vipi?

Mama yangu, Moshi, aliposikia naamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini na siingii darasani miezi sita, alinyamaza, kisha akampigia baba mdogo. Baba mdogo akanipigia: "Mwanangu, kama ada imeshinda, sema." Kumweleza mfumo wa krediti hakukusaidia. Kilichosaidia ni barua. Niliiomba ofisi ya msajili barua ya kuthibitisha kwamba nimesajiliwa kutwa muhula ule, wanaitoa bure au kwa dola chache, nikaipiga picha na kuituma WhatsApp. Mhuri wa chuo aliuelewa. Kisha nikamwambia, "Mama, ni fildi, ila wananilipa." Akauliza ni kiasi gani kwa mwezi. Nilipomtajia, akasema basi kodi ya nyumba mwezi huo nisimpigie baba mdogo.

Kazi imeisha, msimamizi hajajaza tathmini. Nifanye nini?

Mpelekee tarehe ya mwisho wiki mbili kabla hujaondoka, na fomu yenyewe ikiwa imeshajazwa jina lako, kozi na saa ulizofanya. Kama umeshaondoka, mpigie, usimwandikie. Wakati huohuo mwambie mwalimu wako akuwekee alama ya "haijakamilika" badala ya kukufelisha. Ukiomba kabla gredi hazijafungwa, walimu wengi hukubali.